Kogo Hakusema Hivyo: AI na Kesi Zetu za Ardhi

Mwaka jana nilikaribia kumfanya kogo wangu shahidi wa uongo. Sikukusudia. Nilikuwa na simu, bando ya siku moja na haraka, basi.

Iko hivi. Familia kadhaa za kwetu upande wa Bomet zilikubaliana kuandika historia zao za ardhi, yaani jinsi wazee wao walivyotolewa mahali ambapo leo ni mashamba makubwa ya chai. Kila familia ilete maelezo yake, wakili atayapitia. Kwetu kazi nilipewa mimi, kwa sababu mimi ndiye "mtu wa mtandao". Nikaketi na kogo jikoni, nikamrekodi kama dakika 40, yeye akiongea Kipsigis, mimi nikiandika vidokezo kwa Kiswahili. Usiku nikavitupa vidokezo vyote kwa AI, au akili mnemba kama mwalimu wako wa Kiswahili angetaka useme, nikaiambia: niandikie hati ya kiapo.

Sekunde chache tu. Manze, ilitoka safi. Kiingereza cha koti na tai. Aya zimepewa namba, maneno mazito ya kisheria yamepangwa, na huko chini kulikuwa na kesi ya zamani ya kuunga mkono madai yetu, pamoja na jina la jaji na mwaka. Nililala nikijiona wakili.

Asubuhi nikamsomea kogo, nikimtafsiria sentensi moja moja. Nilipofika mahali palipoandikwa kwamba aliona kwa macho yake askari wakichoma nyumba yao, akaweka kikombe chini.

"Huyo anayeongea ni nani?"

Nikamwambia, ni wewe, kogo.

"Mimi sikusema hivyo. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Nilisema mama aliniambia. Na nyumba yetu haikuchomwa, iliyochomwa ni ya jirani. Sisi tulitolewa wimbi ukiwa bado shambani. Hatukuvuna."

Nikarudi kwa rekodi. Alikuwa sawa, kila neno. Vidokezo vyangu vilikuwa vya mkato, na mahali palipokuwa na pengo AI ilijaza. Ilichukua hadithi yake ikaipeleka mahali hadithi nyingi za kufukuzwa huenda: askari, moto, watu wakilia. Wimbi ulipotea kabisa. Na ile kesi? Niliitafuta kwenye tovuti ya Kenya Law, ambapo hukumu za mahakama zetu zinasomwa bure. Haipo. Jaji, mwaka, kila kitu, hewa.

Najua kuna mtu anasema: si ni makosa madogo, unarekebisha tu? Ndiyo maana nataka turudi nyuma kidogo. Ukijua vile ardhi ya Kericho na Bomet ilienda, utaona kwa nini sisi hasa hatuna nafasi ya makosa ya aina hii.

Ilienda kwa karatasi

Wengi wa rika letu wakisikia ukoloni wanawaza bunduki. Bunduki zilikuwepo. Lakini kitu kilichoshikilia ardhi baada ya askari kurudi kambini kilikuwa karatasi. Kulikuwa na Sheria ya Ardhi ya Taji ya 1902, halafu nyingine ya 1915 iliyopanua zaidi kile ambacho serikali ya Uingereza ingeita mali yake. Kogo ya kogo wangu aliamka siku moja akiwa anaishi kwa ardhi ya mfalme ambaye hajawahi kumuona, na hakuna aliyekuja kumsomea.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ukaja mpango uliojulikana kama BEADOC. Mwaka 1919, ekari 25,000 karibu na Kericho zilitengewa maofisa wa Uingereza waliojeruhiwa vitani, waje walime kitani, ule mmea wa kutengeneza nguo. Bei ya kitani ikaanguka, na baada ya miaka michache mpango ukafa. Ungedhani ardhi ingerudi kwa wenyewe. Haikurudi. Kuanzia katikati ya miaka ya 1920 ikaingia chai, na kampuni kama Brooke Bond na James Finlay. Ile kijani unayopiga picha ukipita na matatu kwenda Kisumu ilianzia hapo.

Kisha 1934. Mwaka huo serikali ya kikoloni ilitunga sheria maalum ya kuwaondoa "Laibon", ikilenga ukoo wa Talai, ambao viongozi wao waliheshimiwa sana na Wakipsigis na Wanandi na kuogopwa na wakoloni. Ukoo mzima, wazee na watoto, ukapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, kwa joto, malaria na mbung'o. Walikaa huko hadi uhuru ulipokaribia. Soma tena: ilitungwa sheria. Hakuna ofisa aliyehitaji kuvunja sheria yoyote, maana sheria yenyewe ndiyo iliwabeba watu ikawatupa.

Na waliojaribu kortini? Wamaasai walienda mahakamani mwaka 1913, kwa kesi inayojulikana kama ya Ole Njogo, wakipinga kuhamishwa kutoka Laikipia. Mahakama haikusema ardhi si yao. Ilisema mikataba yao na Uingereza ni kama ya mataifa mawili, kwa hivyo haiwezi kuamuliwa na korti ya kawaida. Yaani, ulipewa hadhi ya taifa dakika ile tu hadhi hiyo ilipoweza kukunyima kesi. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, kwa kesi ya Isaka Wainaina kule Kikuyu, jaji mkuu akaamua kwamba Mwafrika kwenye ardhi ya Taji ni mpangaji tu, anakaa kwa kupenda kwa mwenye nyumba.

Ilichukua karibu karne moja mlango kufunguka kidogo. Katiba ya 2010 iliipa Tume ya Kitaifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria za ardhi. Mwaka 2019 tume hiyo ikakubali kwamba Wakipsigis na Watalai walidhulumiwa. Malalamiko yenye majina ya watu zaidi ya 100,000 yakapelekwa Umoja wa Mataifa, na 2021 wataalamu wake maalum wakaeleza wasiwasi mkubwa juu ya vile Uingereza ilivyokataa kuwajibika. Agosti 2022 kesi dhidi ya Uingereza ikafikishwa kwa Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu kule Strasbourg.

Kwa hivyo tukisema "maelezo ya kogo", hatuongelei insha ya shule. Hiyo ndiyo karatasi yetu, na tumeingojea miaka mia.

AI imesoma vitabu vya nani?

Hii ndiyo hatari ambayo watu hawaioni, na kwangu ni kubwa kuliko kesi za kubuni.

AI inajua kilichoandikwa. Sasa jiulize, mwaka 1920 Kericho, nani alikuwa anaandika? Mkuu wa wilaya. Mmisionari. Mlowezi. Tume ya Carter ilipokuja mwaka 1932 kuuliza mambo ya ardhi, waliopanga maswali, kuchapisha majibu na kuamua lipi ni la maana walikuwa wao. Upande wetu ulibaki kwenye vichwa vya wazee, kwa lugha ambayo hata leo ina maandishi machache sana mtandaoni.

Chukua mfano wa jina tu. Kwa nyaraka nyingi za kikoloni hutapata "Kipsigis". Utapata "Lumbwa", jina tulilobandikwa na wengine na ambalo wazee walilichukia. Hata stesheni ya Kipkelion iliitwa Lumbwa. Mtu asiyejua hilo akiuliza Wakipsigis walikuwa wapi mwaka fulani, anaweza kujibiwa kana kwamba hawakuwepo, au kwamba kulikuwa na kabila jingine hapo. Na "Laibon" la ile sheria ya 1934? Hilo ni neno la Kimaasai. Kwetu anaitwa orkoiyot. Serikali ilimfukuza mtu bila hata kumpatia jina lake sawasawa.

Kogo anajua haya yote bila kusoma. Mashine itarudia kilichorudiwa mara nyingi, na kilichorudiwa mara nyingi ni maneno ya aliyeshinda. Ukiiachia ikuandikie madai yako, unaweza kujikuta unampeleka mkoloni kortini kwa kutumia maelezo ya mkoloni mwenyewe.

Halafu kuna lile lililonipata mimi: kusawazisha. Hebu fikiria familia 50 zitumie AI ile ile. Zote zitatoka na askari, moto, kilio, kwa Kiingereza kile kile laini. Wakili wa upande wa pili hatahitaji hata jasho. Atasimama aseme: mheshimiwa, hawa walifundishwa cha kusema. Wimbi ambao haukuvunwa ulikuwa na nguvu kwa sababu hakuna mtu mwingine angeubuni.

Kesi mbili za London

Kama unadhani natia chumvi, angalia kesi za Mau Mau.

Ya kwanza ilianza na wazee wachache walioishtaki serikali ya Uingereza kwa mateso ya miaka ya 1950. Kilichowasaidia sana ni sauti zao wenyewe na faili. Mwaka 2011 ilijulikana kwamba Uingereza ilikuwa imeficha nyaraka nyingi za makoloni mahali panaitwa Hanslope Park, zikiwemo za Kenya. Wanahistoria kama David Anderson na Caroline Elkins walikuwa wametafuta ushahidi miaka mingi. Juni 2013 Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Sasa fikiria ungeuliza AI mwaka 2010, kama ingekuwepo, kuhusu hizo faili. Ingekujibu kwa ujasiri kwamba hazipo. Hazikuwa zimeandikwa popote ingeweza kusoma. Zilipatikana kwa sababu kuna watu walikataa jibu lililokuwepo.

Ya pili ilikuwa kubwa zaidi, walalamishi zaidi ya 40,000. Wachache walichaguliwa wawe mfano, wakaulizwa maswali juu ya mambo yaliyotokea zaidi ya miaka 50 nyuma: lini, wapi, nani, ulijuaje. Mwaka 2018 ikaanguka. Suala kubwa lilikuwa muda, kwamba umepita mno, mashahidi wamekufa, na upande wa pili hauwezi kujitetea kwa haki.

Funzo langu ni hili. Kesi ya zamani tayari inaenda kortini na mguu mmoja, kwa sababu ya muda. Ukiongeza maelezo yenye kasoro unauvunja ule mguu uliobaki. Hebu niwaze kogo kizimbani na ile hati yangu nzuri. "Mama, umesema uliona nyumba ikichomwa. Ulizaliwa mwaka gani?" Swali moja tu. Kutoka hapo hata lile la kweli alilosema halitaaminika. Kusimulia ulichoambiwa na mamako si aibu, na kwa dhuluma za zamani mara nyingi ndiyo njia pekee iliyobaki. Lakini lazima useme uliambiwa. Na kuapa uongo ni kosa la jinai, hata kama uongo uliandikiwa na simu ya mjukuu.

Wameungua waliosomea

Usidhani ni sisi wa mashambani tu. Juni 2023, New York, mawakili wawili walipigwa faini ya dola 5,000 katika kesi dhidi ya shirika la ndege la Avianca. Mmoja wao alitumia ChatGPT, ikampa kesi ambazo hazijawahi kuwepo. Cha kushangaza, aliiuliza kama ni za kweli. Ikamwambia ndiyo. Akaamini. Ni kama kumuuliza anayekuuzia simu ya wizi kama simu ni ya wizi.

Afrika Kusini, Januari 2025, mahakama kuu ya Pietermaritzburg ilikuta kwamba kati ya kesi 9 zilizonukuliwa na upande mmoja, 2 tu ndizo zilikuwepo. Juni mwaka huo London, mahakama ilipata kesi 18 za hewa kati ya marejeo 45 kwenye shauri moja, na jaji Victoria Sharp akaonya kwamba wakili anayefanya hivyo anaweza hata kushtakiwa kwa kudharau mahakama.

Hao wana digrii, ofisi na wasaidizi. Wakikosea wanalipa faini na maisha yanaendelea. Mkulima wa Bomet akikosea anapoteza dai ambalo babake alikufa akilisubiri. Hilo huwezi kulipia.

Na siri je?

Kitu kingine nilichofanya usiku ule bila kufikiria: niliweka kila kitu mle. Jina la kogo. Mipaka ya shamba. Wapi wazee walizikwa. Nani kwa ukoo alishirikiana na mzungu akapewa kipande. Haya ni mambo ambayo kwa kokwet yangesemwa taratibu, mbele ya watu wanaojuana, na mengine yasingesemwa kabisa. Mimi niliyatuma kwa kompyuta za kampuni ya ng'ambo, kwa akaunti ya bure.

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Wakili naye anafungwa na wajibu wa kutunza siri za mteja. Lakini simu yangu haifungwi na chochote, na kogo hakunipa ruhusa. Hata hakujua kuna kitu cha kuruhusu.

Sasa tuitupe?

Hapana. Nawajua nyinyi, mtaandika huko chini "huyu anaogopa teknolojia". Sina noma na AI. Wakili ni ghali, barua za serikali zinakuja kwa Kiingereza cha kutisha, na kijana aliye na simu anaweza kumsaidia mzee kuelewa barua ya kurasa 30 kabla ya kumlipa mtu yeyote. Hiyo ni nguvu ambayo babu zetu hawakuwa nayo mwaka 1915.

Lakini sisi wa huku tunajua mashine. Mei 2023 watu walichoma mashine za kuvuna chai hapa Kericho, na maandamano yakaishia kwa kifo. Hasira kubwa ilikuwa ya kazi, na ilikuwa ya haki. Sisemi tuchome simu. Ila mtu yeyote aliyewahi kubeba kikapu atakuambia tofauti: mkono unachuma majani mawili na chipukizi. Mashine inapita inakata kila kitu kwa urefu mmoja, laini na gumu pamoja. Kuna kazi hilo linatosha. Ushahidi si mojawapo.

Mimi sasa nafanya hivi. Ninarekodi kwa Kipsigis, na rekodi ndiyo bosi. Karatasi ikipingana na rekodi, karatasi inabadilika. Ninaandika maneno ya mzee kwa mkono kwanza, nikitenganisha "niliona" na "niliambiwa", na aliyemwambia ni nani. Sipeleki jina la mtu, mpaka wala kaburi kwa AI yoyote. Nikipewa kesi, naitafuta mwenyewe Kenya Law na kuisoma, isipoonekana, naitoa. Kizito zaidi namwachia wakili wa kweli, aliye na leseni anayoweza kupokonywa. Na kabla ya sahihi, mzee anasomewa yote kwa lugha yake, mbele ya watu, na anaweza kusema hapana.

Tuliandika upya maelezo ya kogo, wiki nzima. Yametoka kurasa mbili tu, Kiingereza cha kawaida, hakuna moto. Kuna wimbi ambao haukuvunwa, na kuna sentensi inayosema wazi kwamba haya aliambiwa na mamake. Nilipomaliza kumsomea akauliza kama nimeandika kwamba nyumba ya jirani ndiyo ilichomwa, kwa sababu watoto wa jirani pia wanadai na yeye hataki kuchukua moto wao.

Nikamuonyesha mstari. Akatoa kidole gumba, akaomba wino.

Kama uko na kogo, guka, nyanya au bibi mwenye hadithi ya ardhi, enda umrekodi wikendi hii. Wewe mwenyewe. AI itakuwepo Jumatatu.